Kamera ya 2018, Kazi ya Leo

Mpira wa upande wa kushikia umeanza kubanduka. Niliubandika kwa gundi, ukashika miezi kadhaa, kisha ukaachia tena kwenye kona, palepale kidole gumba kinapokaa. Maandishi ya kitufe cha menyu yamefutika. Mlango wa kadi una mkwaruzo mrefu nilioupata siku niliposhuka kwenye bodaboda na begi likiwa wazi. Hiyo ndiyo Sony A7 III yangu. Ilitangazwa Februari 2018 kwa dola 2,000 za Marekani bila lenzi, na ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba hapa Tanga mpaka leo.

Nimeanza na hali yake kwa sababu ya swali ninaloulizwa mara kwa mara na vijana wanaoingia kwenye kazi hii. "Dada, nimetoa pesa kwenye kikoba, nimepata A7 III iliyotumika. Rafiki yangu ananiambia imeshapitwa. Ninunue, au nisubiri nipate mpya?" Wengine tayari wanayo na wanataka kuiuza kwa hasara, kisa wameona kwenye simu kamera fulani mpya inarekodi hiki na kile.

Jibu langu ni kwamba inafaa, na kwa wengi wenu itafaa miaka mingine kadhaa. Lakini mnaiangalia mahali pasipofaa. Kihisi, kile kipande kinachonasa mwanga, hakizeeki upesi. Kinachozeeka ni vitu vinavyosogea na vitu vinavyochomekwa: shata, milango ya nyaya, matundu ya kadi, betri. Na kwenye video, kinachobana ni kiasi cha rangi ambacho faili linaweza kubeba. Ukivijua hivyo, utaamua mwenyewe bila kutishwa na tangazo la mtu.

Kamera zisizo na kioo cha ndani, hizi tunazoziita mirolesi, zilianza 2008 Panasonic ilipotoa Lumix G1. Za miaka ile ya mwanzo sizizungumzii hapa: fokasi yake ilikuwa nzito na betri ilikuwa inaisha kabla ya keki kukatwa. Mwaka 2018 ndio uliobadilisha mambo. Baada ya A7 III, mwaka uleule zikaja Nikon Z6, Canon EOS R na Fujifilm X-T3. Kamera za rika hilo zilishavuka mstari wa kutosha kwa kazi ya harusi, picha za pasipoti, mahafali, bidhaa za dukani na mahojiano. Zilizofuata zimeongeza raha na kasi, lakini mstari wenyewe haujahama sana.

Nianze na picha za mnato, maana huko hofu ni kubwa kuliko sababu yake. A7 III ina megapikseli 24, yaani picha ya nukta 6,000 kwa 4,000. Ukurasa wa albamu wa sentimita 30 kwa 40, ukichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, unataka nukta 4,724 kwa 3,543. Hizo ni megapikseli kama 17 tu. Unabaki na ziada ya kukata mtu aliyechungulia pembeni ya fremu. Na picha nyingi hata albamu haziingii. Zinaishia kwenye simu, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ambako hubanwa mpaka tofauti ya kamera mpya na ya zamani inapotea kabisa.

Kinachotutesa sisi wa pwani ni mwanga. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni shughuli za wanawake: usiku wa hina, ngoma ya ndani, kupambwa kwa bi harusi. Wapigapicha wanaume hawaingii huko, na ndiyo sababu wasichana wanaoanza kazi hii huku kwetu hawakosi wateja. Fikiria chumba cha usiku wa hina. Taa ni moja ya dari, na labda taa ya duara ya mpambaji. Bi harusi ameketi kwenye mkeka, amejifunga kanga, mikono kainyoosha juu ya mto ili piko ikauke. Ngozi yake nyeusi inang'aa mafuta ya udi. Ukiwasha flashi usoni pake umeiua ile hali yote, na shangazi zake watakukodolea macho. Hapo naweka lenzi ya milimita 85 yenye tundu la f/1.8, nalibana kidogo mpaka f/2.2, shata 1/125, ISO 3200. Nikiikuza picha kwenye kompyuta naona ukingo wa kila jani la piko, naona hata pale mkono wa mchoraji ulipotetemeka kwenye kidole cha pete. Chenga zipo, lakini laini, na kwenye karatasi hazionekani. Kamera hii iliweza hivyo siku ilipotoka kiwandani, na bado inaweza.

Jambo moja la kiufundi ambalo wengi wenye kamera hii hawaambiwi: kihisi chake kina ngazi mbili za kukuza mwanga, na ya pili huanza ISO 640. Vivuli vya picha ya ISO 640 hutoka safi kuliko vya ISO 500. Kwa hiyo ukiona mwanga unapungua na ISO inapanda kuelekea 500, ivushe moja kwa moja.

La pili ni shela. Shela nyeupe na uso mweusi katika fremu moja ni mtihani, na kamera ukiiachia iamue yenyewe itakosea huku au kule. Washa zebra, ile milia inayocheza kwenye skrini pale mwanga unapozidi. Punguza mwanga mpaka milia iondoke kwenye shela, piga kwa RAW, kisha uso uuinue wakati wa kuhariri. Kihisi cha 2018 kinavumilia kuinuliwa vivuli kwa kiasi kikubwa. Shela iliyoungua hairudi kwa kamera yoyote, ya zamani wala ya jana.

Fokasi ya jicho nayo inategemea kama mwenye kamera aliwahi kuhuisha programu ya ndani. Toleo la 3.00, lililotoka Aprili 2019, lilileta fokasi inayofuata jicho bila kushikilia kitufe. Nimekutana na watu wanaolalamika kamera yao haishiki jicho, nikafungua menyu nikakuta toleo la mwanzo kabisa. Kuhuisha ni bure. Ila ujue pia mipaka yake: jicho likiwa nyuma ya kitambaa cha shela, fokasi hupenda kushika kitambaa. Hapo tumia nukta moja ndogo na uiweke mwenyewe.

Sasa video, na hapa sitaki kukudanganya, kwa sababu kwenye video ndiko umri unakoonekana.

A7 III inarekodi 4K kwa fremu zisizozidi 30 kwa sekunde, na kwa biti 8. Biti 8 maana yake kila rangi ya msingi ina ngazi 256. Kamera ya biti 10 ina ngazi 1,024. Ukirekodi na kuiacha video karibu kama ilivyotoka, hutaona tofauti. Ukianza kuivuta rangi huku na huku, anga ya jioni hugawanyika mistari, na ukuta wa ukumbi uliomulikwa zambarau hujaa mabaka kama maji yanayokauka sakafuni.

Mwaka wangu wa pili na kamera hii nilifuata somo la mtu mmoja wa mtandaoni, nikarekodi harusi nzima kwa S-Log3, mpangilio wa rangi iliyofifishwa ili ihaririwe baadaye. Ilikuwa harusi ya mchana, karibu na bahari. Katika kamera hii S-Log haishuki chini ya ISO 800, na mimi sikuwa na kichujio cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi, kwa hiyo nikabana tundu la lenzi na kupandisha shata mpaka basi. Kwenye skrini ndogo kila kitu kilionekana kijivu, nikadhani ndivyo inavyotakiwa. Nilipofika nyumbani na kurudisha rangi, nyuso za watu zikatoka na ukijani chini ya macho, na ndani ya vivuli vya minazi chenga zilikuwa zinachemka. Nilikaa siku tatu naisafisha. Bi harusi hakulalamika, lakini mimi nilijua nilichompa.

Tangu siku hiyo S-Log3 siigusi kwenye kamera ya biti 8, na wewe nakushauri hivyohivyo. Tumia rangi ya kawaida iliyopunguzwa ukali, au mpangilio wa picha wa PP5 wenye Cine1, na utafute rangi sahihi palepale unaporekodi. Pima weupe kwa karatasi nyeupe kila unapobadilisha chumba. Inachukua nusu dakika, na itakuokolea usiku mzima wa kompyuta.

Taa za LED za ukumbini, hasa za buluu na zambarau, ni adui wa peke yake. Kamera za rika hili hushindwa rangi moja ikizidi sana, na uso wa mtu hugeuka plastiki ya buluu isiyo na pua wala kidevu. Punguza ukolezi wa rangi kwenye mipangilio, weka taa yako ndogo nyeupe upande wa jukwaa, na usione haya kuzungumza na fundi wa taa kabla wageni hawajaingia. Mwombe dakika za keki na pete aweke mwanga mweupe. Nikimwomba kwa adabu, kwa kawaida hukubali, kwa sababu na yeye anataka kazi yake ionekane vizuri.

Halafu kuna jambo la umeme wetu. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50. Taa hupepesa kufuata umeme huo, na macho hayaoni, kamera inaona. Rekodi fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50, na mistari inayotembea kwenye ukuta itatulia. Kwa hilo kamera lazima iwekwe mfumo wa PAL. Ukiikuta imewekwa NTSC, ibadilishe, na ujue kadi iliyofomatiwa kwa mfumo mwingine itataka kufomatiwa upya, kwa hiyo fanya hivyo nyumbani, kadi ikiwa tupu. Kwa picha za mnato, usitumie shata ya kimya chini ya LED. Utapata picha yenye mapande ya giza na mwanga kama pazia la mbao, na kuisafisha ni kazi ya kukata tamaa.

Mwendo wa polepole kwa 4K huna, kwa sababu fremu 50 au 60 haziwezekani. Ukishuka hadi 1080 unapata fremu 100 kwa sekunde katika PAL, na bi harusi akiingia ukumbini kwa sekunde nane hivi, inatosha. Picha yake ni laini kidogo, lakini ukiichanganya katikati ya shoti nyingine hakuna anayeuliza.

Kitu kinachoumiza zaidi ni kikomo cha muda. Kamera hii hukata rekodi ikikaribia nusu saa. Inajizima kimya kimya, taa nyekundu inapotea, na kama umeegemea ukuta unasikiliza hotuba, hutajua. Mimi nilipoteza hivyo dua ya babu mmoja wa bwana harusi, mzee sana, na familia ile iliitaka dua hiyo kuliko kitu kingine chochote. Sasa nina mazoea: kila shughuli inapobadilika, mtu akipisha mwingine kwenye maiki, nakata na kuanza upya. Mkononi saa yangu hutikisika kila dakika 20.

Na sauti. Kijana atakuuliza megapikseli, atakuuliza 4K, hatakuuliza tundu la maiki. Sony A6000 ya 2014 ni kamera nzuri sana ya picha, na bado naiona mikononi mwa wanafunzi, lakini haina tundu la maiki wala haina 4K. Kama unataka kufanya video ya kulipwa, hiyo iache, au ukubali kununua kinasa sauti cha pembeni na kuoanisha sauti kila mara. A6300 ya 2016 ina tundu la maiki na 4K, ila haina la spika za masikioni, na ikirekodi 4K kwa muda mrefu hupata joto na kujizima. Kwenye joto la Januari hapa pwani, hiyo si kamera ya hotuba. A7 III ina matundu yote mawili. Mtazamaji atavumilia picha yenye chenga kidogo, lakini nikahi isiyosikika haina thamani kwa yeyote.

Nizipitie nyingine kwa haraka, maana si kila mtu anapata A7 III. A7 II ya 2014 ni ya picha tu. Video yake ni 1080, fokasi inatafuta sana gizani, na betri yake ndogo hutoa karibu nusu ya picha za betri ya A7 III. A6400 ya 2019 ina fokasi kali, haina kikomo cha nusu saa, lakini mwili wake hautulizi mtikisiko, kwa hiyo utahitaji stendi au gimbo. Canon EOS R ina rangi za ngozi ninazozipenda, ila 4K yake hukata picha karibu mara 1.7, chumba kidogo hakiingii chote kwenye fremu, na ina tundu moja tu la kadi. Kwa tundu moja la kadi kwenye harusi mimi silali usingizi. Nikon Z6 nayo ni vilevile, tundu moja. Panasonic GH5 ya 2017 ni farasi wa video, hurekodi biti 10 ndani ya kamera yenyewe na haina kikomo cha kurekodi, lakini fokasi yake ya video huhemahema na kihisi chake kidogo hakipendi giza. Ukiwa mtu wa mahojiano, kamera imesimama na mgeni ameketi, GH5 itakulipa. Ukitaka video ya kuchezea rangi kwa pesa ya kamera iliyotumika, tafuta X-T3: biti 10, 4K hadi fremu 60, matundu mawili ya kadi yote ya haraka. Nunua betri nne.

Sasa nije kwenye kununua, ambako ndiko watu wanakoliwa.

Usikutane na muuzaji barabarani. Mwambie mkutane kwenye studio ya mtu unayemjua, mchana, uwe na kadi zako mbili, betri yako kama unaweza kuazima, maiki, waya wa HDMI na tochi. Anayekataa hayo, muage kwa heri.

Fungua menyu kwanza. Kamera nyingi za Sony zilizouzwa ndani ya Japani zina Kijapani peke yake, na hakuna mpangilio wa kubadilisha. Bei yake huwa tamu, na hapo ndipo mtego ulipo. Kuna pia kamera za zamani za masoko mengine zisizo na chaguo la PAL. Angalia vyote viwili kabla hujasifu rangi.

Kisha shata. Ya A7 III ilipimwa kwa mibonyezo kama 200,000. Piga picha moja ya JPEG, na kuna programu zinazosoma hesabu iliyofichwa ndani ya faili hilo. Fanya hesabu ya kazi: mpigapicha wa harusi anayepiga picha 2,000 kwa shughuli, mara 40 kwa mwaka, anatumia 80,000. Miaka miwili na nusu tu, umefika. Kwa hiyo kamera ya mtu wa harusi inaweza kuwa imechoka kuliko ya mzee aliyekuwa akipiga wajukuu kwa miaka sita. Kamera iliyofanya video pekee inaweza kuwa na hesabu ndogo, lakini matundu yake ya HDMI na maiki yamechoka. Chomeka kila kitu, chezesha waya taratibu, na tazama kama picha au sauti inakatika. HDMI ya A7 III ni ndogo sana na hulegea.

Weka kadi kwenye tundu la kwanza, rekodi. Weka kwenye la pili, rekodi. Kisha rekodi kwenye yote mawili kwa pamoja. Tundu namba 1 pekee ndilo la haraka, hilo si ubovu.

Piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 uone vumbi. Vumbi husafishika. Halafu funika lenzi, weka shata sekunde moja, piga, ukuze hiyo picha nyeusi. Unatafuta mstari au alama ya rangi isiyohama. Leza za ukumbini, zile za kijani zinazocheza na muziki, zikipiga moja kwa moja kwenye kihisi huchoma nukta zake, na hakuna kitambaa cha kufuta hilo. Kamera nyingi za harusi za siku hizi zimeshapigwa na leza. Ndiyo sababu mimi muziki ukianza na leza zikiwaka nageuza kamera, au nafunika lenzi, hata kama mshereheshaji ananiita.

Kwenye lenzi, mulika tochi upande wa nyuma ukitazamia mbele. Utando kama wa buibui ni ukungu, na huku kwetu, Tanga, Mombasa, Unguja, unyevu na chumvi huulea haraka. Lenzi yenye ukungu usiichukue hata kwa nusu bei, maana unaweza kuuhamishia kwenye nyingine ndani ya begi. Nyumbani weka vifaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika, na vifuko hivyo uvikaushe kila mwezi. Mimi sina kabati la kukaushia, nina ndoo hiyo, na lenzi zangu ni safi.

Mwisho iache irekodi 4K dakika 25 mfululizo, wakati mnazungumza bei. Ikizima, umepata jibu. Dai risiti au hata karatasi ya maandishi yenye namba ya mwili wa kamera. Kamera nyingi zinazouzwa usiku zimeibiwa kwa mpigapicha mwenzako, aliyekuwa anazitegemea kama wewe.

Kuhusu pesa, msimamo wangu haujabadilika: nusu ya fedha yako isiguse mwili wa kamera. Tamron 28-75 f/2.8 na Sony 85 f/1.8 zilizotumika, flashi moja, maiki ya kubana kifuani, betri mbili halisi, kadi nzuri. Lenzi hizo utahama nazo kwenda kwenye mwili unaofuata. Nimeona kijana amenunua mwili mpya kabisa kwa mkopo, akabaki na lenzi ile ya kiwandani ya f/3.5-5.6, na picha zake za usiku zikawa mbaya kuliko za mwenzake mwenye kamera ya zamani na lenzi ya f/1.8. Nilimhurumia, kwa sababu mkopo ulikuwa unaendelea kudai.

Zipo kazi ambazo ni lazima uzikatae na kamera hii, au ukodi nyingine. Tangazo la televisheni ambapo mteja ametuma karatasi inayotaka biti 10. Matangazo ya moja kwa moja ya saa nne bila kukatika. Video ya chapa ya mavazi inayotaka 4K ya polepole kila shoti. Ukikubali kazi hizo kwa tamaa, utarudisha pesa na jina litaenda. Kodi kamera kwa siku mbili, weka gharama hiyo kwenye bei yako, na umwambie mteja wazi kwamba ndivyo ulivyofanya. Wateja wa kweli huheshimu hilo.

Yangu imeshapita mibonyezo 160,000. Nimeanza kuweka pesa kando kwa ajili ya shata mpya, na mwili wa pili, nao umetumika, upo njiani. Utakapofika, hii ya zamani itakuwa ya pembe pana. Itasimama kwenye stendi nyuma ya viti vya wanawake, juu ya vichwa, ikitazama jukwaa lote: 4K, fremu 25, shata 1/50, kadi mbili, nyaya zimebanwa kwa gundi ya karatasi ili zisikatike. Msichana ninayemfundisha atakaa pembeni yake na saa mkononi, na kila dakika 20 atabonyeza kukata na kubonyeza kuanza. Nimeshamwonyesha pale mpira ulipobanduka, ajue namna ya kuishika.